Bonde letu lirudi kushika maji
Maelezo ya Kamati ya Mazingira mbele ya Mkutano Mkuu wa mwaka



Mmezoea kutusikia tukiomba saruji na mabati. Darasa linaonekana. Mtu akichangia bati, siku ya kuzindua anaweza kulinyooshea kidole. Mwaka huu tumekuja na ombi la namna nyingine, na mmoja wenu alipolisikia kwenye kikao cha tawi aliuliza kwa sauti, "Yaani tunachangia tope?" Watu walicheka, na sisi tulicheka nao. Lakini swali lake ni zuri, na tumekuja kulijibu. Ndiyo, tunachangia tope, na tunaomba mtusikilize ni kwa nini.

Nchi yetu ya Karagwe na Kyerwa mnaijua kwa miguu. Juu ni milima yenye migongo mirefu, kwenye miteremko kuna vibanja vyetu vya migomba na kahawa, kisha rweya ya kuchungia, na chini kabisa ni bonde. Katika bonde kuna mafunjo, na katikati ya mafunjo maji yanakwenda polepole kama mzee anayetoka kanisani. Maji hayo hatimaye huingia Mto Kagera. Kagera, baada ya kupokea maji ya Rwanda na Burundi na kupita Rusumo kule Ngara, huja ukitutenganisha na Rwanda, hugeuka kutupakanisha na Uganda pale Murongo, halafu huelekea mashariki hadi Ziwa Victoria. Hakuna mto mwingine unaoliingizia ziwa lile maji mengi kuliko Kagera. Mahali unapoingilia, upande wa Uganda, pana kinamasi kikubwa cha Sango Bay, ambacho tangu mwaka 2006 kiko katika orodha ya kimataifa ya ardhi oevu zinazolindwa chini ya Mkataba wa Ramsar.

Tunayataja hayo kwa sababu siku hizi fedha na maneno mengi huelekezwa kwenye kurudisha uhai wa fukwe na vinamasi vya pwani, pwani ya bahari na pwani ya ziwa. Ni kazi njema. Ila udongo mwekundu unaochafua ufukwe wa ziwa haukuzaliwa ufukweni. Umetoka kwenye miteremko kama yetu, ukapita katika mabonde kama yetu ambayo hayana tena mafunjo ya kuushika. Pwani ya ziwa inaanzia huku kwetu.

Sasa, kinamasi kinafanya nini hasa? Wazee waliopo hapa wanajua, lakini watoto wetu waliozaliwa mjini wanadhani ni mahali pa mbu na nyoka tu. Mafunjo hayaoti juu ya udongo wa kawaida. Mizizi na mashina yake ya chini husukana kama jamvi nene, na chini ya jamvi hilo hujilimbikiza mabaki ya majani ya miaka mingi sana, tope jeusi la mboji ambalo ukilikamua linatoa maji. Mvua ya masika ikishuka kwa nguvu, maji hufika pale yakakosa haraka. Yanatawanyika, yanadondosha udongo yaliobeba, sehemu ya mbolea na uchafu wa juu inaliwa na mimea, na yaliyobaki yanatoka kidogo kidogo. Ndiyo maana zamani mwezi wa saba na wa nane, rweya ikiwa imekauka kabisa, chemchemi za pembeni mwa bonde ziliendelea kutoa maji. Lile bonde lilikuwa tenki letu, na hakuna aliyewahi kutuletea ankara yake.

Ukichimba mfereji katikati, mambo hubadilika kwa mpangilio unaojulikana. Mwaka wa kwanza na wa pili unavuna maharage na mahindi ya ajabu, kwa kuwa mboji ile ina rutuba ya miaka mingi. Kisha tope linapokauka linasinyaa, uso wa ardhi unashuka, na mfereji inabidi uchimbwe zaidi ili maji yaendelee kuondoka. Mboji kavu ikishika moto haiwaki kama nyasi. Inafuka chini kwa chini kwa siku nyingi, unaona moshi tu, na huwezi kuuzima kwa ndoo. Kila mwaka mavuno yanapungua. Na siku mvua kubwa inaporudi, maji hayana pa kupumzikia, yanashuka yote kwa pamoja na kuchukua maharage, daraja la magogo na udongo wenyewe.

Hatusemi haya ili kuwalaumu wanaolima bondeni. Tulipotembea bonde kiangazi kilichopita pamoja na wenyeviti wa vitongoji, tuliokutana nao mle ndani walikuwa ndugu zetu. Vibanja vimegawanywa kwa watoto, na watoto wamegawia wajukuu, mpaka sehemu nyingine migomba inahesabika kwa vidole. Kisha ukaja mnyauko wa migomba, ule uliothibitishwa mkoani kwetu mwaka 2006, unaoozesha mkungu kabla haujakomaa na kukulazimisha kung'oa shina lote. Familia iliyopoteza migomba ilitazama chini, ikaona ardhi nyeusi isiyo na mtu, ikashuka na jembe. Nani kati yetu angekaa tu? Wengine wanafyatua matofali pembeni, na matofali hayo ndiyo tunayojengea nyumba zetu za likizo. Na mikaratusi iliyopandwa kwenye kingo, tuseme ukweli, mingi si ya maskini. Ni ya watu wenye mishahara, na baadhi yao wamo humu ukumbini. Tutarudi kwao.

Mfano wa karibu wa bonde lililokauka na likarudishwa uko kwa majirani zetu. Kaskazini mwa Rwanda kuna kinamasi kinaitwa Rugezi, chenye ukubwa wa hekta zaidi ya 6,000, kilicho juu milimani. Maji yake huingia Ziwa Burera, na kutoka Burera hushuka katika mtambo wa umeme wa Ntaruka, wenye uwezo wa megawati 11.25, kabla ya kufika Ziwa Ruhondo. Watu waliingia Rugezi kulima, wakachimba mifereji, na miteremko ya juu ikapoteza miti. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kina cha Burera kilishuka vibaya. Ukame ulichangia, na namna mtambo ulivyoendeshwa ilichangia pia, lakini kinamasi kilichokaushwa ndicho kilichoondoa akiba. Kufikia mwaka 2004 Ntaruka ilikuwa inazalisha sehemu ndogo tu ya uwezo wake, na nchi ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli kwa gharama kubwa. Kulima maharage kwenye tope kukageuka kuwa bei ya umeme Kigali.

Serikali ya Rwanda ilichukua hatua. Kilimo ndani ya Rugezi kilikatazwa, mikanda ya nyasi na mianzi ikapandwa kuzunguka kinamasi, matuta na miti vikawekwa milimani, na mwaka 2005 Rugezi ikaingizwa katika orodha ya Ramsar. Baada ya miaka michache kina cha ziwa kilipanda na mtambo ukarudi kufanya kazi. Hiyo ni habari njema. Lakini kuna upande wa pili ambao hausimuliwi sana kwenye hotuba: waliotolewa bondeni walikuwa ndio wenye ardhi ndogo kuliko wote, na wengi walipoteza chakula na malisho kabla ya kupata kitu kingine mkononi. Bonde lilipona kwa gharama ya watu ambao hawakuwa na akiba ya kulipa. Sisi hatutaki kupona kwa namna hiyo, na kwa kweli hatuna hata askari wa kuifanya hivyo.

Kwetu nako umeme haupo mbali na hadithi hii. Pale Murongo, mtambo wa Kikagati-Murongo unatumia maji ya Kagera na umeme wake unagawanywa kati ya Tanzania na Uganda. Juu yetu, Rusumo inazihudumia Tanzania, Rwanda na Burundi. Mitambo hiyo inahitaji mto unaotiririka kiangazi na usiobeba milima ya udongo. Kwa hiyo msimwache mtu awaambie kwamba mafunjo ni mambo ya wapenda ndege.

Ingawa ndege nao wapo, na korongo mwenye taji bado anaonekana. Nzohe, yule swala wa majini mwenye kwato ndefu, vijana wengi wamemsikia tu kwa babu zao. Kambale na kamongo hujificha kwenye tope maji yanapopungua, na mahali palipokaushwa hata mtego hauna cha kushika.

Kuhusu mbu, tumeulizwa sana, hasa na akina mama: mkirudisha maji hamtuletei malaria? Ni hofu ya haki. Jibu linatoka Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, kwenye milima kama yetu na mabonde ya mafunjo ambayo mengi yalianza kukaushwa wakati wa ukoloni, katika miaka ya 1940. Watafiti walilinganisha vijiji vilivyo karibu na mabonde yaliyolimwa na vijiji vilivyo karibu na mafunjo yaliyoachwa, wakatoa matokeo yao mwaka 2000. Kwenye mabonde yaliyolimwa palikuwa na joto zaidi, na hali ya kuenea kwa malaria ilikuwa mbaya zaidi. Sababu si ngumu. Mbu wa malaria anapenda kidimbwi kidogo cha wazi kilichopigwa jua, kama kile kinachobaki kati ya matuta, kwenye shimo la matofali au kwenye alama ya kwato. Maji yaliyofunikwa na mafunjo ni ya baridi, yana kivuli na yana samaki. Chandarua bado tutakilalia, lakini shimo la matofali ni adui mkubwa kuliko kinamasi.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe.

Kurudisha mafunjo si kupanda miche kwenye mistari na kupiga picha. Kazi kubwa ni kuziba mifereji. Unaweka vizuizi vya magogo, udongo na magunia, kimoja baada ya kingine kutoka juu kwenda chini, ili maji yapande polepole bila kubomoa. Maji yakisimama, vipande vya mashina ya mafunjo vilivyobaki vinachipua vyenyewe, na mahali palipokuwa patupu kabisa unahamishia vipande kutoka sehemu nzima. Juu ya bonde tunapiga makinga maji kwenye miteremko na kuotesha majani ya tembo ambayo ng'ombe watakula. Kingo tutapanda miti yetu, mitoma, misizi na mishambya. Mikaratusi iliyoko kwenye kingo ikatwe ikauzwe nguzo na kuni, na visiki visiachwe kuchipua.

Halafu kuna jambo ambalo ndilo moyo wa ombi letu, nalo ni njia. Tumebishana kwenye kamati karibu mwaka mzima juu ya hili. Wengine walisema weka uzio. Uzio utaibwa, na hata usipoibwa, bonde lililozungushiwa uzio linakuwa la mtu mwingine. Kitu kisicho na wapitaji hakina macho. Mfereji mpya huchimbwa usiku au wakati wa msiba, na mtu wa kwanza kuuona ni anayepita hapo kila siku: mtoto wa shule, mama mwenye ndoo, mzee anayetafuta ng'ombe. Tunataka wapite wengi. Kwa hiyo tunapendekeza njia ya tuta, iliyoinuliwa, yenye kalavati za kutosha ili maji yasizuiwe, inayofuata ukingo wa bonde na kulivuka mahali ambapo watu wanavukia sasa kwa magogo. Kila chemchemi iwe na ngazi fupi zenye kishikio, na karibu na kila moja mteremko laini usio na ngazi, kwa sababu wazee wetu wenye magoti mabovu wanakunywa maji kama sisi, na wapo ndugu zetu wanaotumia baiskeli za magurudumu matatu ambao hawajawahi kuvuka bonde hilo bila kubebwa mgongoni. Mjamzito anayekwenda zahanati wakati wa masika asivuliwe viatu.

Kigali wamefanya jambo la namna hiyo katika bonde la Nyandungu, lililokuwa limeharibiwa na sasa limerudishwa na kufunguliwa kwa wananchi mwaka 2022 likiwa na njia za miguu na za baiskeli katikati ya mimea na mabwawa. Ni pazuri, nendeni mkaone mkipata nafasi. Lakini lile ni bustani ya jiji, lina fedha za jiji na lina kiingilio. La kwetu litakuwa bonde la kijiji, na mgeni wake wa kwanza ni mbuzi. Tujenge kwa udongo, mawe na mbao ambavyo fundi wa hapa anaweza kuvitengeneza vikiharibika.

Njia hiyo pia itakuwa mpaka. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye ukingo wa mto na ufukwe wa ziwa. Watu wengi wameisikia mita 60, wachache wameiona, maana hakuna aliyewachorea. Tuta letu litawaonyesha. Ila alama hiyo itawekwa na mkutano wa kijiji wenyewe, ndani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi ya kijiji, na Halmashauri ya Wilaya ya Kyerwa pamoja na Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria wakiwa mezani. Sheria ya maji ya mwaka 2009 inaruhusu wananchi kuunda jumuiya ya watumia maji, na tunapendekeza jumuiya hiyo ndiyo ikabidhiwe bonde. Chama chetu kichangie, lakini chama kisimiliki hata tone. Sisi wengi wetu tunakuja Krismasi na misibani. Anayebaki huku mwezi wa nane ndiye anayepaswa kushika ufunguo.

Na waliomo bondeni? Tumekubaliana na viongozi wa vijiji kwamba hakuna atakayetolewa kabla ya kuvuna. Nje ya mstari kutabaki ukanda wa kilimo cha msimu, bila mifereji ya kina. Mizinga ya nyuki itawekwa kwenye kingo. Mafunjo yenyewe yatakatwa kwa zamu, yakatwe juu ya maji bila kung'olewa, na sehemu iliyokatwa iachwe ipumzike karibu mwaka, ili wanaosuka mikeka, vikapu na majamvi ya kuanikia kahawa na maharage wapate malighafi bila kuua shamba. Tusidanganyane, mkeka haulipi kama gunia la maharage ya kiangazi, na asali inahitaji subira. Ndiyo maana sehemu kubwa ya fedha tunayoomba haiendi kwenye njia. Inakwenda kwa familia hizo, kwa viangazi viwili: miche safi ya migomba isiyo na mnyauko, mbegu, majani ya malisho, na malipo ya siku kwa kazi ya kuziba mifereji ileile waliyoichimba. Wanaijua kuliko mhandisi yeyote.

Wanachama wenye mashamba au mikaratusi ndani ya mstari, tunawaomba kitu ambacho si fedha. Achieni. Hatutasoma majina hapa. Fomu iko kwa katibu, ni ukurasa mmoja, na itakuwa vigumu sana kumshawishi mjane aache matuta yake manne ikiwa miti ya ndugu yake wa mjini imesimama palepale.

Mmeuliza kama kutakuwa na bango la majina ya wafadhili. Hapana. Lango la zege pia hapana, ingawa mjumbe mmoja alikuja na mchoro mzuri kabisa. Fedha hiyo inatosha kalavati.

Namna ya kuchangia ni hii. Njia tumeigawa kwa mita, na familia tumezigawa kwa msimu. Kila mwanachama anaombwa kuchukua mita tano za njia, au kusimamia familia moja kwa kiangazi kimoja, au kuungana na wenzake wa tawi kufanya mojawapo. Gharama ya kila kimoja imeandikwa ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki, pamoja na namba ya akaunti ya chama. Msitume kwa mtu binafsi, hata kama ni sisi. Mweka hazina wa tawi atatoa risiti, na orodha ya mapato na matumizi itabandikwa kwenye ofisi ya kijiji na kutumwa kwenye makundi yetu ya simu kila mwisho wa mwezi.

Vizuizi vya kwanza vitawekwa kiangazi hiki, kuanzia sehemu ya juu ya bonde, na vinapaswa kuwa vimeshikamana kabla mvua za vuli hazijaanza mwezi wa tisa. Atakayekuwa nyumbani siku hizo aje na jembe, panga na viatu vya mpira. Uji utapikwa palepale.